Kabla ya sindano, mgonjwa wa presha aulizwe analalaje

Tarehe 20 Desemba 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha tirzepatide, dawa ya sindano inayopunguza uzito, itumike kutibu ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini, yaani apnea, kwa watu wazima wanene ambao ugonjwa wao ni wa kati au mkali. Zamani ziliruhusiwa dawa za kupunguza usingizi wa mchana unaoletwa na ugonjwa huo, lakini hii ilikuwa ya kwanza kuruhusiwa kwa ajili ya ugonjwa wenyewe. Habari ilipofika kwetu kupitia makundi ya WhatsApp ilikuwa imeshafupishwa: imepatikana sindano ya kukoroma. Wengine wakaongeza hitimisho lao, kwamba kumbe kukoroma ni ugonjwa wa wanene na mtu akipungua amepona. Septemba 2025, Shirika la Afya Duniani lilipoingiza dawa hiyo na jamaa zake kwenye orodha ya dawa muhimu kwa baadhi ya wagonjwa wa kisukari, mazungumzo yaliwaka upya, na swali likawa lile lile: itafika lini, na itauzwa bei gani?

Swali hilo lina haki yake, ila limewahi mno. Tatizo kubwa la ugonjwa huu Afrika Mashariki liko mbali na dawa. Wengi walio nao hawajui kuwa wanao, na wahudumu wa afya wanaokutana nao kila mwezi hawawaulizi. Hoja yangu ni kwamba maswali mawili matatu kuhusu usingizi, akiulizwa kila mgonjwa wa presha na kila dereva anayepimwa afya, yatafanya kazi kubwa kuliko sindano yoyote tutakayoagiza miaka ya karibuni. Na ndani ya hoja hiyo imo nyingine: tukiuchukulia huu kuwa ugonjwa wa unene peke yake, tutawaacha nje watu wembamba, wanawake waliokoma hedhi na watoto wenye mafindofindo.

Tuanze na kinachotokea usiku. Nyuma ya ulimi na kaakaa laini kuna sehemu ya koo isiyo na mfupa wala gegedu la kuishikilia. Inabaki wazi kwa kuwa misuli inaivuta, na mtu akilala misuli hulegea. Mwenye njia pana hapati tabu. Kwa mwenye njia nyembamba, kuta za koo hutetemeka hewa ikipita, na huko ndiko kukoroma. Zikilegea zaidi hugusana na hewa hukatika, ingawa kifua na tumbo vinaendelea kuhangaika kuivuta. Oksijeni kwenye damu inashuka, ubongo unashtuka kwa sekunde chache, misuli inakaza, koo linafunguka kwa mkoromo mkubwa kama wa mtu anayeibuka majini, kisha usingizi unarudi na mzunguko unaanza tena. Asubuhi mwenyewe hakumbuki chochote. Madaktari huhesabu kila pumzi inayokatika kwa sekunde 10 au zaidi, pamoja na vipindi ambavyo hewa inapungua sana bila kukatika kabisa. Chini ya mara 5 kwa saa ni kawaida, kuanzia 5 hadi 14 ni hali ndogo, 15 hadi 29 ni ya kati, na 30 kwenda juu ni kali. Mtu wa mara 30 kwa saa akilala saa saba, hewa imemkatikia au kumpungukia zaidi ya mara 200 kabla ya adhana ya alfajiri. Kila mshtuko humwaga homoni zile zile za mtu aliyetishwa. Moyo unapiga kwa nguvu, mishipa inabana, na presha ambayo kwa watu wengi hushuka usiku haipati nafasi ya kushuka.

Ndiyo maana ugonjwa huu una tabia ya ajabu: anayeuona ni mtu mwingine. Ni mke anayelala macho akisubiri mumewe avute pumzi inayofuata, au mwanafunzi wa bweni aliyeomba abadilishiwe kitanda. Katika nyumba nyingi jambo hili limekuwa la kutaniwa hadi likapoteza uzito, na mkoromaji anahamishiwa sebuleni ambako hakuna tena wa kumsikia pumzi ikikata. Mwenyewe anabaki na dalili za mchana, na kila dalili inamwelekeza mlango tofauti wa hospitali. Anaamka na kichwa kizito na mdomo mkavu, akaambiwa anywe maji mengi. Anaamka mara tatu usiku kwenda haja ndogo, akapimwa kisukari na tezi dume, ambavyo kweli vinafaa kupimwa. Lakini apnea nayo huleta hali hiyo, kwa sababu kifua kinapovuta dhidi ya koo lililoziba moyo hutanuka na kutoa homoni inayoziamuru figo zitoe maji. Anasahau, anakasirika haraka, hamu ya tendo la ndoa inapungua, na hiyo ya mwisho inampeleka kwa muuza mitishamba kabla ya daktari.

Kwa wanawake njia ya kupotea ni ndefu zaidi. Wengi wao hawakoromi kwa kishindo. Wanalalamika kwamba usingizi hauji au haukai, kwamba mwili umechoka kutwa, kwamba wana huzuni isiyo na sababu. Jibu wanalopata ni kwamba wana mawazo, na wakati mwingine wanapewa vidonge vya usingizi, ambavyo baadhi yake hulegeza koo zaidi. Hatari yao hupanda wakishakoma hedhi, umri ambao jamii huona uchovu wa mama ni jambo la kawaida. Kisha kuna wanaosema wamekabwa na jinamizi. Hapa inafaa kutofautisha mambo mawili. Anayepata jinamizi lenyewe anakuwa na fahamu lakini hawezi kusogeza hata kidole, na hali hiyo hupita yenyewe baada ya muda mfupi. Anayeamka ghafla amekaa kitako, anahema, anahisi koo limezibwa, na viungo vyote anaviweza, huyo aulizwe kuhusu kukoroma kabla hajapelekwa kusomewa.

Nimekaa zaidi ya mara moja kwenye benchi la kliniki ya presha nikimsindikiza mzee wa nyumbani kwetu. Muuguzi anafunga mkanda mkononi, anasoma, anaandika kwenye daftari. "Shikamoo mzee. Dawa unakunywa?" "Marahaba mwanangu, nakunywa zote." "Na chumvi?" "Nimeshapunguza." "Mbona bado iko juu? Ingia kwa daktari akuongezee." Mzee alikuwa tayari yuko kwenye dawa ya tatu, na jina lake lilipoitwa ilibidi nimwamshe, maana alikuwa amesinzia pale pale kwenye benchi, saa tatu asubuhi. Hakuna aliyeuliza habari za usingizi ule. Simlaumu muuguzi. Foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango, na daftari lake halikuwa na mahali pa kuandika jibu la swali hilo.

Uhusiano wa apnea na presha haujasimama kwenye dhana. Utafiti wa jimbo la Wisconsin nchini Marekani, uliochapishwa mwaka 2000, uliwafuata watu 709 kwa miaka minne. Waliokuwa na apnea ya kati au kali mwanzoni walikuwa na uwezekano wa karibu mara tatu zaidi wa kuwa na presha baada ya miaka hiyo, na kadiri pumzi ilivyokatika mara nyingi ndivyo hatari ilivyopanda. Mwaka 2011 watafiti wa Brazil waliwapima wagonjwa 125 wenye presha sugu, ile isiyoshuka kwa dawa tatu, wakitafuta kilichojificha nyuma yake. Kilichoongoza kwa mbali kilikuwa apnea, kwa asilimia 64. Sasa weka hapo hali yetu. Tanzania ilipofanya uchunguzi wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza mwaka 2012, takriban mtu mzima mmoja kati ya wanne wenye umri wa miaka 25 hadi 64 alikutwa na presha. Kliniki za presha zimejaa watu ambao sababu mojawapo ya presha yao inafanya kazi kila usiku, na sisi tunawaongezea vidonge mchana.

Nirudi kwenye sindano, maana sitaki ieleweke kwamba naidharau. Majaribio yaliyofungua njia ya kibali yalihusisha watu 469 kwa wiki 52. Kwa wale wasiotumia mashine ya kusukuma hewa puani usiku, pumzi ilikuwa inakatika au kupungua wastani wa mara 51 kwa saa walipoanza. Waliopewa tirzepatide walipungukiwa na mara 25 kwa saa, na waliopewa sindano ya kulinganishia isiyo na dawa mara 5 tu. Hayo ni matokeo makubwa. Karibu nusu ya waliochomwa walifika mahali ambapo ugonjwa ulitoweka, au ulibaki mdogo usio na usumbufu. Lakini fanya hesabu ya upande wa pili. Toa 25 kwenye 51 na bado mgonjwa wa wastani amebaki na ugonjwa wa kiwango cha kati. Washiriki wote walikuwa wanene kwa kipimo cha kitabibu, na wenye kisukari hawakuingizwa kabisa kwenye majaribio, ilhali huku kwetu kisukari, unene na presha mara nyingi hukutana kwa mtu mmoja. Na wote walikuwa wamekwisha kupimwa usingizi kabla ya kuchomwa. Dawa inaanzia pale ambapo sisi bado hatujafika.

Zaidi ya hayo, unene ni njia moja tu ya kulifikia koo lililobanwa. Mafuta ya shingoni na kwenye ulimi hubana hewa, ni kweli, na Wisconsin hao hao walionyesha kwamba anayeongezeka uzito kwa asilimia 10 hutarajiwa kuona kukatika kwa pumzi kukiongezeka kwa asilimia 32, na anayepungua kwa kiasi hicho hicho kupungukiwa na asilimia 26. Lakini kuna mtu mwembamba mwenye taya la chini lililorudi nyuma, mwenye ulimi mkubwa, mwenye pua iliyoziba miaka yote, au ambaye koo la ukoo wake ndilo lilivyo. Mtu huyo akisoma kwamba hii ni habari ya wanene, anafunga ukurasa.

Na kuna mtoto. Mtoto anayelala mdomo wazi, shingo kaipinda nyuma, anakoroma usiku wote, jasho linamtoka hata kukiwa na baridi, anakojoa kitandani wakati wenzake wa umri wake wameshaacha, na darasani hatulii, huyo mara nyingi ana mafindofindo na nyama za puani zilizokua kuliko njia ya hewa. Anachapwa kwa kukojoa na anachapwa tena kwa kutosikiliza mwalimu. Jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2013 liliwafuata watoto 464 wa miaka 5 hadi 9 wenye apnea. Miezi saba baadaye, usingizi ulikuwa umekaa sawa kwa asilimia 79 ya waliofanyiwa upasuaji wa kuondoa mafindofindo na nyama hizo, na kwa asilimia 46 ya walioangaliwa tu bila kupasuliwa. Maana yake ni mbili: upasuaji unafaa, na si kila mtoto anauhitaji leo. Uamuzi huo ni wa daktari wa masikio, pua na koo. Si wa mkata kimeo. Kukata kimeo hakuondoi mafindofindo wala nyama za puani, na watoto wamevuja damu na kuambukizwa kwa wembe ule.

Sasa tuzipime hoja za wanaopinga, maana zipo na baadhi zina uzito. Ya kwanza, na nzito kuliko zote, inasema: kuna faida gani kumtambua mgonjwa usiyeweza kumtibu? Maabara za usingizi ni chache na ziko miji mikubwa. Mashine ya CPAP, inayosukuma hewa puani kwa shinikizo ili koo lisigusane, bei yake inakula mishahara ya mwalimu ya miezi kadhaa. Inataka umeme wa usiku kucha, nasi tunajua umeme wetu. Nakubali kila neno la malalamiko haya. Lakini hayafikii hitimisho lake. Mwenye hali ndogo ana mengi ya kufanya yasiyo na bei. Alale ubavu, maana wengi huzibwa zaidi wakilala chali. Aache pombe saa za jioni na vidonge vya usingizi asivyoandikiwa. Apunguze uzito kama anao wa kupunguza, na atibiwe pua. Mwingine atasaidiwa na kifaa cha mdomoni kinachovuta taya la chini mbele, ambacho daktari wa meno hukitengeneza kwa kupima kinywa chake. Na hata mwenye ugonjwa mkali asiye na mashine anapata kitu kikubwa kwa kujulikana: siku ya upasuaji, daktari wa usingizi wa chumba cha upasuaji ataandaa koo lake kwa uangalifu na atapunguza dawa za maumivu za jamii ya mofini, ambazo kwake zinaweza kuua kimya kimya wodini. Maswali manane ya STOP-Bang, yanayotumika leo duniani kote kuutafuta ugonjwa huu, yalitungwa Toronto mwaka 2008 kwa ajili ya wagonjwa wa upasuaji hasa.

Maswali hayo nayataja kwa sababu yanaonyesha utambuzi unaanzia chini kiasi gani. Je, unakoroma kwa nguvu? Unachoka au kusinzia mchana? Kuna mtu amewahi kukuona pumzi imekatika? Una presha? Kisha yanafuata uzito kwa urefu, umri unaozidi miaka 50, shingo inayozidi sentimita 40, na kama ni mwanamume. Majibu ya ndiyo matatu yanatosha kumtilia mtu shaka, matano na zaidi ni shaka kubwa. Kifaa pekee kinachotakiwa na ambacho kliniki ya presha inaweza kuwa haina ni futikamba ya fundi cherehani. Kwa wanawake shingo na jinsia vinaweza kudanganya, hivyo muuguzi aongeze swali la uchovu na la usingizi usiokaa. Uviko-19 nao ulituachia kitu: vile vifaa vidogo vya kubana kidoleni vinavyosoma oksijeni vilivyosambaa hadi zahanati. Vile vinavyohifadhi kumbukumbu, vikivaliwa usiku kucha, huonyesha oksijeni ikipanda na kushuka mara kwa mara, na mgonjwa wa namna hiyo anastahili kusogezwa mbele kwenye foleni ya kipimo kamili. Usomaji mzuri hauondoi ugonjwa, hilo lisisahaulike, na kwenye ngozi nyeusi vifaa hivyo wakati mwingine husoma oksijeni juu kuliko ilivyo.

Hoja ya pili inatoka kwa wasomaji wa tafiti. Inasema hata hiyo mashine haikuthibitika kuokoa moyo. Wanarejea jaribio la SAVE la mwaka 2016, lililowafuata watu 2,717 waliokuwa na ugonjwa wa moyo au wa mishipa ya ubongo, na kukuta CPAP haikupunguza mshtuko wa moyo, kiharusi wala vifo. Ni matokeo halisi, na anayeahidi kwamba mashine itazuia kiharusi anaahidi asichokuwa nacho. Lakini washiriki wale waliivaa mashine kwa wastani wa saa 3.3 kwa usiku, yaani sehemu kubwa ya usingizi wao koo lilikuwa bila ulinzi, na waliokuwa wakisinzia sana mchana hawakuingizwa. Hata hivyo usingizi wa mchana ulipungua, na hisia za mtu, furaha yake na siku zake za kazi ziliimarika. Somo ninalolipata hapo ni la huduma. Colin Sullivan alipotengeneza mashine ya kwanza huko Sydney na kuitangaza mwaka 1981, kazi ilikuwa kusukuma hewa. Kazi ya leo ni kumfanya mtu aivae. Barakoa inayovuja upande, pua inayokauka, vumbi kwenye kichujio, mke anayecheka usiku wa kwanza: mambo madogo kama hayo ndiyo yanayoipeleka mashine juu ya kabati. Mgonjwa akipigiwa simu ndani ya wiki ya kwanza na barakoa ikabadilishwa, ana nafasi ya kuendelea. Na anayeletewa mashine iliyotumika na ndugu aliyeko Uingereza au Oman ahakikishe mambo mawili: kwamba si miongoni mwa zile ambazo kampuni ya Philips ilizirudisha kuanzia Juni 2021 kwa sababu ya sponji la ndani lililokuwa linachakaa na kupulizwa kwenye njia ya hewa, na kwamba shinikizo limepangwa upya kwa ajili yake, maana lililopo lilipangwa kwa koo la mtu mwingine.

Hoja ya tatu, kwamba tunageuza watu wenye afya kuwa wagonjwa, nayo nina sehemu nakubaliana nayo. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2019 yalisema watu milioni 936 duniani wenye umri wa miaka 30 hadi 69 wana apnea, lakini idadi hiyo inaanzia mara 5 kwa saa. Wa kati na wakali ni milioni 425. Mtu wa mara 6 kwa saa, asiye na presha na anayeamka mchangamfu, hana haja ya kununua chochote. Hili ni la kusemwa kwa sauti hasa sasa, ambapo saa za mkononi zimeanza kuonya. Ile ya Apple iliruhusiwa na FDA Septemba 2024 kutoa tahadhari ya apnea. Tahadhari ya saa ni sababu ya kwenda kupimwa, haitoshi kuwa jina la ugonjwa.

Inabaki hoja dhaifu kuliko zote, nayo ndiyo yenye wafuasi wengi: kwamba anayekoroma amelala usingizi mnono, na baba alikoroma miaka 40 bila kufa. Aliyelala fofofo ametulia. Yule anayekoroma, ananyamaza ghafla, kisha anakurupuka kwa mvumo, ubongo wake umeamshwa usiku mzima, na ndiyo sababu anasinzia kwenye ibada, kwenye daladala na kwenye kikao cha harusi. Si kila mkoromo ni apnea, wengi hukoroma tu. Lakini kimya kinachofuata mkoromo hakina maelezo mengine ya kheri, na baba aliyekoroma miaka 40 aulizwe presha yake ilianza lini. Kwa wengi wa wazee wetu ilianza, ikaitwa ya ukoo, wakafa kwa kiharusi na hakuna aliyewahi kuunganisha mambo hayo.

Kinachofuata kutoka kwenye haya yote kinagharimu kidogo kwa upande wa kliniki: mstari mmoja kwenye daftari la presha na la kisukari, mafunzo mafupi kwa wauguzi, na njia ya rufaa inayojulikana. Bima za afya zinazojengwa sasa, Kenya kupitia Mamlaka ya Afya ya Jamii iliyoanza kazi Oktoba 2024 na Tanzania chini ya sheria ya bima ya afya kwa wote ya mwaka 2023, zianze kwa kulipia kipimo cha usingizi cha nyumbani na mashine kwa wenye ugonjwa mkali, kabla hazijafikiria sindano. Mgonjwa wa presha sugu tayari tunamlipia dawa nne, na baadaye kitanda cha kiharusi.

Upande mgumu ni wa barabara. Tarehe 1 Desemba 2013 treni ya abiria iliingia kwenye kona huko Bronx, New York, kwa kasi ya kilomita 132 kwa saa mahali panaporuhusu 48. Watu wanne walikufa. Wachunguzi walihitimisha kwamba dereva alikuwa amesinzia, na alipopimwa baada ya ajali akakutwa na apnea kali ambayo hakuna aliyekuwa ameijua. Sisi tangu Oktoba 2023 tumeyarudisha mabasi ya mikoani Tanzania kusafiri usiku baada ya zuio la miaka mingi. Kanuni inataka madereva wawili kwa safari inayozidi saa nane, na ni kanuni nzuri, ila inahesabu saa za usukani na haigusi ubora wa usingizi wa yule aliyepumzika. Dereva mwenye apnea kali akilala saa nane anaamka hajapumzika.

Tukimwuliza dereva huyo kama anasinzia, atasema hapana, na mimi nisingemlaumu, kwa sababu jibu la ndiyo leo linamwondoa kazini na watoto wake wanabaki bila ada. Kwa hiyo swali likiingizwa kwenye upimaji wa afya ya madereva bila kinga, litazalisha uongo tu. Uingereza humsimamisha dereva mwenye ugonjwa wa kati au mkali anayesinzia hadi utakapodhibitiwa, kisha humrudisha, na yupo anayesimamia kwamba matibabu yanafuatwa. Sehemu ya kurudishwa ndiyo inayoufanya utaratibu uaminike. Mamlaka zetu zinaweza kuandika hivyo hivyo: mwenye basi agharimie kipimo, dereva apewe kazi nyingine ya kampuni wakati anatibiwa, na leseni irudi akionyesha kwamba anaitumia mashine, jambo ambalo mashine za sasa hulirekodi zenyewe usiku kwa usiku. Na kwa kuwa mwenye ugonjwa hajisikii, aulizwe pia dereva mwenzake, aliyemsikia akilala zamu yake kutoka Dodoma hadi Mwanza, na jibu lake lisimtoe yeyote kazini.